Mwenye nyumba kaezua bati, mpangaji umo ndani!

MSOMAJI wangu, kama hujawahi kupanga, ukurasa huu wa leo unaweza kuufungia vitumbua, sitakasirika. Lakini kama umewahi kukaa nyumba ya watu, japo mwezi mmoja, sogea hapa tuzungumze. Kuna maneno matatu yamewatesa wapangaji wa nchi hii kuliko kunguni. Maneno yenyewe ni haya: "nyumba ya mtu."

Choo kimejaa? Vumilia bwana, nyumba ya mtu. Bati linavuja? Weka sufuria, nyumba ya mtu. Mwenye nyumba kaingiza mafundi chumbani kwako saa moja asubuhi, mkeo hata khanga hajaifunga sawasawa? Watu watakuangalia kwa huruma, watatikisa kichwa, halafu wataimba wimbo ule ule. Mimi huwa nawajibu kwamba nyumba ni yake, hilo halina ubishi, lakini nikishalipa kodi, kukaa humo ndani ni kwangu mpaka siku niliyoilipia iishe. Asiyetaka kuyatenganisha mambo hayo mawili basi na arudishe hela.

Kwa wasiopajua Ushirombo, ndipo makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, kwenye lami ile inayotoka Kahama kwenda Nyakanazi, njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Mpaka mwaka 2012 tulihesabiwa Mkoa wa Shinyanga, ndipo Geita ikawa mkoa nasi tukahamia huko bila kubeba hata kijiko. Watu wanalima mpunga na tumbaku, wanafuga, na wengine wanachimba. Ukitaka kujua dhahabu imetoka au haijatoka, wala usihangaike kwenda machimboni, tazama mapaa. Duara likitema, mtu akapata mgawo wake wa mawe, akayapitisha karashani na vitu vikaonekana, atanunua pikipiki kwanza. Cha pili ni bati la migongo mipana, la rangi.

Hapo sasa ndipo kimbembe cha mpangaji kinapoanza. Ukarabati mwingi wa huku kwetu haumlengi aliyemo ndani, unamlenga anayekuja. Wewe uliyevumilia popo miaka mitatu hupakiwi rangi kwa sababu unapendwa. Rangi inapakwa kwa ajili ya jamaa wa machimboni ambaye hajafika bado, ambaye atalipa karibu mara mbili yako na hatauliza choo kiko wapi.

Yangu yalinikuta Novemba 2022. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule, shilingi 40,000 kwa mwezi, kwenye nyumba ya wapangaji watatu. Septemba mosi nilikuwa nimelipa miezi sita, 240,000 taslimu, na mzee mwenye nyumba akaniandikia kikaratasi chenye tarehe na sahihi yake. Maana yake mpaka mwisho wa Februari nilikuwa sidaiwi hata senti. Tulikuwa na mtoto wa miezi minne.

Jumatatu moja tukasikia kishindo juu ya paa. Mke wangu akadhani ni mwizi. Mwizi gani anakuja na ngazi, saidia fundi wawili na redio? Nikatoka nje na taulo langu, nikamkuta fundi keshapanda, anang'oa misumari huku akipiga mluzi. Namuuliza vipi kaka, ananijibu bila hata kunitazama: "Mzee kasema tubadili kenchi zote. Ziko hoi." Nami nasema kweli, zilikuwa hoi. Mchwa walishakula boriti mbili. Lakini hakuna aliyekuwa ametuambia kitu, na Novemba huku kwetu si mwezi wa kuezua. Mvua zimeshaingia.

Saa tisa alasiri ikashuka ile mvua. Sitaisimulia sana. Godoro lilinyonya maji kama sponji, kiroba cha unga cha kilo 25 kikawa uji, mtoto tukamkimbizia kwa jirani amefunikwa beseni. Mafundi walikuwa wameshaondoka zamani.

Kesho yake nikamfuata mzee kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akaniagizia na chai. Nimwambie nini mtu kama huyo? Heshima ilikuwepo pande zote mbili. Ila alipofungua kinywa, lahaula!

"Kijana wangu, mimi nawatengenezea nyumba, ninyi mnalalamika. Mkitaka hameni kwa muda, mtarudi. Na kuanzia Desemba kodi itakuwa 70,000, maana nyumba si ile tena."

Nikamuuliza: "Mzee, na hela yangu ya mpaka Februari?"

Akasema: "Tutaihesabu humo humo."

Yaani 240,000 niliyolipia miezi sita ya 40,000 igeuke kuwa hela ya miezi minne na ushee! Na bado nihame, nipange kwingine nalipa, huku kwake nimeshalipa. Kijana wa bodaboda tuliyekuwa tunakaa naye alisikia hayo jioni, akafunga begi, akaenda zake Runzewe akiacha kodi ya miezi miwili. Nilipombembeleza abaki tupambane akaniambia, umeshajua alichoniambia. Nyumba ya mtu.

Sasa hapa tuongee sheria kidogo, usikunje uso. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyombana mwenye nyumba asipandishe kodi anavyojisikia. Ile ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya chumba ni makubaliano ya watu wawili. Watu wengi wakadhani basi, mpangaji kafutwa pamoja nayo. Si kweli. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ilibaki, na ndani yake mna kifungu cha 88. Kifungu hicho kinasema, kwa lugha yetu ya barazani, kwamba hata kama hamkuandikiana, mwenye nyumba anahesabika ameahidi mambo. Mpangaji anayelipa na kutimiza wajibu wake atakaa kwa amani bila kubughudhiwa. Nyumba ya kuishi itakuwa inafaa kukaliwa na binadamu siku anapoingia, na itaendelea kufaa muda wote atakaokuwemo. Na anayekodisha sehemu tu ya nyumba, kama zile zetu za vyumba, paa na kuta kuu ni mzigo wake.

Umeona ujanja uliomo humo? Sheria hiyo hiyo inayomtaka mzee atengeneze paa ndiyo inayomkataza kunibughudhi. Kutengeneza kenchi hakukuwa zawadi niliyopaswa kuilipia 30,000 ya ziada, kulikuwa deni lake. Na namna ya kulilipa deni hilo haikuwa kunianika mvuani.

Nisimwonee mzee. Mpangaji naye ana lake. Sheria hiyo inamtaka amruhusu mwenye nyumba aingie kuangalia hali ya jengo kwa saa za kistaarabu, akipewa taarifa ya kutosha. Wapo wapangaji vichwa ngumu, fundi akija wanafunga mlango kwa kufuli kisha jioni wanalalamika ukuta una ufa. Hao siwatetei.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa nini sikukimbilia mahakamani? Kwanza nauli. Pili, utaratibu wenyewe unaanzia chini. Kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 ndipo unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu ambaye mvua inamnyeshea leo hana siku 30 za kusubiri. Mwenyekiti yuko nyumba ya nne, na mzee anamheshimu.

Tulikaa chini ya mwembe, mzee, mwenyekiti, mimi, na mama mmoja mjane wa chumba cha mwisho anayeuza vitumbua pale stendi. Kikaratasi changu cha Septemba ndicho kilichofanya kazi kubwa. Mwenyekiti akakisoma mara mbili, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akamwuliza mzee: "Sahihi hii ni yako?" Mzee akasema ni yake. "Basi mpaka Februari bei ni hii." Na kama nisingekuwa nacho? Bado ningekuwa na la kusema, maana upangaji wa mwaka mmoja au chini yake unaruhusiwa kuwa wa mdomo. Ila mdomo unahitaji mashahidi, na mashahidi wana njaa zao.

Yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Fundi ataezua chumba kimoja kimoja, hataondoka jioni bila kufunika turubai, hataanza kabla ya saa mbili asubuhi. Siku zote ambazo chumba changu hakitakalika zitahesabiwa na kuongezwa mwishoni. Zilifika 11, kwa hiyo nikakaa mpaka Machi 11 bila kulipa. Kodi mpya ni baada ya hapo, nikitaka. Unga alinilipa. Godoro aligoma katakata, akasema godoro lenyewe lilikuwa limeshachoka kabla ya mvua, na mwenyekiti akacheka, nikajua hapo sipati kitu.

Hayo yalikuwa yangu, na ukiniuliza nitakwambia nilishinda. Ila yule mama wa vitumbua ndiye aliyenifanya niandike leo.

Yeye alikuwa analipa mwezi kwa mwezi, 25,000, kwa sababu hela ya miezi sita kwa pamoja angeitoa wapi? Mzee alikuwa amempa wiki moja atoke ili chumba kipigwe plasta na kuwekwa silingi bodi. Mwenyekiti akamgeukia: "Mzee, huyu analipa kwa mwezi, basi taarifa yake nayo isipungue mwezi." Hilo nalo ni la sheria. Mzee akakubali, akaandika notisi hapo hapo, mpaka Desemba 31. Mama akauliza swali moja tu: "Nikivumilia vumbi nikakaa humo humo wanapopiga plasta, haiwezekani?" Mzee akasema haiwezekani, anataka chumba kitupu. Mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyemtaka aeleze kwa nini.

Hapo ndipo panaponiudhi mpaka leo. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mwaka 1965 inayowahusu wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Mwenye jengo akitaka kumtoa mpangaji ili abomoe au ajenge upya, anatakiwa ampe taarifa isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akikataa, wanakutana mbele ya baraza. Huko mwenye jengo lazima aonyeshe kwamba kweli anakusudia kujenga, na kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika mpaka apate jengo mkononi. Ni ya biashara tu, haigusi chumba cha kulala. Lakini swali lile la mama pale chini ya mwembe ndilo swali lenyewe, na kule duka la viatu lina mtu wa kulijibu. Kwetu, anayelipa mwezi kwa mwezi analindwa kwa huo mwezi mmoja tu. Na wanaolipa hivyo ndio wasio na akiba ya kuhamia kwingine. Mwenye uwezo wa kulipa mwaka mzima, ambaye angeweza kuhama hata kesho, ndiye anayekaa kwa raha.

Usiniambie mwenye nyumba atakufa njaa akibanwa hivyo. Tangu Agosti 2021 kodi yake ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Pale kwetu tulikuwa tunakatwa shilingi 1,000 kila mwezi, sisi, kwa jengo ambalo wengine tuliambiwa tulipishe. Serikali ilishasema hela hiyo ni ya mwenye jengo na mpangaji anastahili kurudishiwa. Sijamwona aliyerudishiwa.

Mama alihama siku mbili kabla ya Krismasi, hakusubiri notisi iishe, kwa sababu alipata chumba Katente na aliogopa kitachukuliwa. Tulimsaidia kupakia mkokoteni, kitanda, karai la vitumbua, viti viwili vya plastiki. Chumba chake kilipigwa plasta kwa siku tatu, nimezihesabu mimi mwenyewe, siku tatu tu. Januari akaingia kijana wa machimboni aliyelipa 45,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Mtu muungwana, anasalimia. Wiki yake ya pili akaja kuniuliza kama huwa mzee anatoa taarifa kabla ya kuleta mafundi, maana amesikia wanataka kuchimba choo kipya upande wa dirisha lake. Nikamuuliza kama ana karatasi. Akasema anayo. Nikamwambia aniletee niione.