MPIRA UNALALA WAPI NYUMBANI KWAKO?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake. Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, mwaka huu sitaandika juu ya tajwidi wala mirathi. Nataka niwaeleze habari ya mpira uliomwangusha mama yangu.

Nyumba yetu ipo Ilomba, Mbeya. Ni vyumba viwili na korido nyembamba. Vijana wetu wawili hucheza chandimu kila jioni, na binti yetu ni hodari wa rede na kuruka kamba. Siwakatazi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wana kheri. Kosa langu ni kwamba nilijua kununua tu: mpira, njumu, pampu. Mahali pa kuviweka sikupanga. Mpira ulilala popote ulipoachwa.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa kali, mama alikuja kutoka Iringa kututembelea. Usiku wa pili umeme ulikatika. Akaamka kabla ya adhana ya Alfajiri aende kutia udhu, na pale koridoni akakanyaga mpira. Tulisikia kishindo, kisha sauti yake, "Laa ilaaha illa Llah!" Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika kwenye kifundo.

Tuliporudi hospitali, mama akiwa amefungwa hogo, nilimwita kijana wangu mkubwa. Fimbo nilikuwa nayo tayari. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ulimwambia aweke wapi?"

Nikamjibu, "Mama, nimemwambia mara nyingi asiuache njiani."

"Hilo nimesikia. Nauliza aweke wapi."

Sikuwa na jibu. Nikaiweka fimbo chini. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani, na njia ya nyumbani kwangu mwenyewe ilikuwa imenishinda. Wiki sita mama alisujudu kwa kuegemea mkono mmoja, na kila nilipomwona niliona aibu.

Siku zile zile tukakaa na watoto tukapanga hivi:

1. Mipira. Tulichukua kiroba cha mchele, tukakitoboa vitundu ili hewa ipite, tukakitundika nyuma ya mlango wa uani. Msumari upo kwenye kimo cha mtoto mdogo, siyo kimo changu. Mtoto asipoufikia, mpira ataubwaga chini.

2. Njumu. Matope ya kwetu wakati wa masika mnayajua. Njumu hazivuki kizingiti. Hukaushwa kibarazani, hugonganishwa, kisha hupigwa brashi. Ndani tunajaza magazeti yanyonye unyevu, lakini kwanza tunahakikisha hayana aya wala jina la Allah. Tusizikaushe juu ya jiko la mkaa, kwani gundi huachia.

3. Vitu vidogo. Kamba, filimbi na pampu vipo kwenye ndoo yenye mfuniko. Sindano ya pampu ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo tumeifunga kwa uzi kwenye pampu yenyewe. Na baridi ya Juni na Julai, iwe Mbeya au Iringa, mpira ukilegea asubuhi usidhani umetoboka. Hewa husinyaa kwa baridi. Ukiujaza sana asubuhi kisha ukauacha kwenye jua la mchana, unauharibu.

4. Jezi za madrasa. Hizi ni amana, na Allah ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, kurudisha amana kwa wenyewe. Zina msumari wake, hufuliwa na kuhesabiwa.

5. Muda. Kila kitu kiwe mahali pake kabla ya adhana ya Magharibi. Binti ndiye mhesabuji.

Gharama yake ilikuwa misumari tu. Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku moja. Wiki ya tatu walisahau. Hatukumpiga mtu, mpira ulioachwa njiani ulipumzika kirobani siku nzima iliyofuata, na wenyewe wakakumbushana.

Wanafunzi wangu, leo mkitoka madrasa angalieni mpira wenu unalala wapi. Na sisi wazazi, kabla ya kukemea, tujiulize kama mahali pa kuuweka tumepaonyesha.

Mama alipona, alhamdulillah, akarudi kwake Iringa. Mwaka uliofuata alikuja tena. Usiku nilisikia mlango wake ukifunguka, nyayo zikipita koridoni polepole, kisha maji ya udhu yakimiminika. Nikamshukuru Allah, nikaamka nami.