Kabla ya Kuleta Mbwa Nyumbani

Mwizi akiisha kupita mtaani usiku mmoja, kesho yake baba wengi wa Kamina husema: "Tutafute mbwa." Wana sababu. Watoto wetu nao walitusihi sana, kwa kuwa waliona watoto wa mbwa wakiuzwa karibu na reli. Jioni tatu tulikaa na mama yao tukilipima jambo hilo, nasi twataka kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyawaza.

Tulianza kwa kuyatazama maisha yetu wenyewe. Sisi tu mwalimu, tangu asubuhi tumo shuleni. Mama yu sokoni. Mvua za Oktoba zikianza, jamaa yote huhamia shambani kupanda mahindi, na huko hulala siku nyingi. Nani angemlisha mbwa siku hizo? Tena lupango wetu umezungushiwa miti na majani tu. Mbuzi wa jirani hupenya apendavyo, sembuse mbwa mwenye njaa! Wako na jirani zetu wa reli, ambao kazi huwachukua usiku hata Luena au Kabalo: nao wajiulize neno hilo hilo.

Kisha chakula. Mbwa huweza kuishi miaka 10 na zaidi, naye hula kila siku. Watu husema, "Atakula mabaki." Mabaki gani, katika nyumba ya watu tisa, ambamo watoto hugombea ukoko wa bukari? Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yatufundisha mambo mawili pamoja: ya kwamba si haki kumtesa mnyama bure, na ya kwamba haifai kumtolea mnyama fedha iliyopasa kwanza kuondoa shida za watu. Ndiyo kusema, asiyeweza kumlisha mbwa pasipo kumpunja mtoto, asimlete.

Wawindaji wa zamani wa nchi yetu ya Kongo walikuwa na mbwa wasiobweka, wakawafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo porini. Mbwa wa namna hiyo walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa London mwaka 1937, na Wazungu huwaita Basenji. Mbwa yule alikuwa na kazi yake, na fungu lake katika mawindo. Wetu wa mjini hufungwa kamba tangu asubuhi hata jioni chini ya mwembe, kisha twashangaa akiwa mkali kwa wenyeji na wageni. (Wengine humpa mbwa jina la kumsema jirani, wakaliita kwa sauti kuu kila jioni. Mbwa wa namna hiyo huleta ugomvi kabla hajaota meno.)

Lakini lililotuzuia hasa ni jambo jingine. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa darasa la nne aliumwa mkononi na mbwa ambaye wenyewe walikuwa wamekwenda shambani, wakamwacha azurure. Kidonda kilikuwa kidogo. Nyumbani walikifunga majani, kikapona. Wiki ya sita kijana akaanza kuogopa maji. Kikombe kikiletwa, koo lake lilikaza, naye alitetemeka mwili mzima. Siku ya nne tulimzika, na wenzake wa darasa walibeba msalaba.

Kichaa cha mbwa kikiisha kujionyesha, karibu hakuna anayepona. Walakini kabla ya hapo chaweza kuzuiliwa. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye achanjwe akiwa na miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama mganga wa wanyama atakavyoagiza. Kwa hiyo mwenye kutamani mbwa aende kwanza kwa mganga huyo, aulize kama dawa ipo na bei yake ni kiasi gani. Akiona bei ni kubwa, basi amekwisha kupata jibu kabla ya kutoa hata franka moja.

Hatuwachukii mbwa. Katika Kitabu cha Tobiti twasoma habari za mbwa aliyefuatana na kijana Tobia na malaika safarini, akarudi pamoja nao. Twamjua pia mzee mmoja mtaani, aliyekwisha kustaafu, ambaye hushinda barazani na mbwa wake miguuni. Lango lake hufungwa, na cheti cha chanjo hukitunza pamoja na vyeti vya ubatizo vya wanawe. Huyo tungempa hata mbwa wa pili.

Watoto wetu tuliwajibu: mwaka huu hapana; ukuta kwanza. Walinuna siku mbili. Kisha mkubwa wao akaomba jembe, akaanza kuchimba udongo nyuma ya jiko, na hata leo amekwisha kufyatua matofali 200.