Daftari Kwanza, Simu Baadaye



Asafiriye kutoka Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro hupita hapa Rhotia. Kando ya barabara hiyo ya lami wapo ndugu zetu wenye maduka, magenge na vyerehani, ambao siku hizi wanahimizwa kupokea malipo kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kutumiana fedha kwa njia hiyo tumekwisha kuzoea. Kuendesha biashara kwa njia hiyo ni jambo jingine.

Mwenye duka ambaye fedha za mauzo, ada ya mtoto na mchango wa msiba vyote vimo katika mkoba mmoja, akipewa "lipa namba" atavichanganya vilevile, tena kwa haraka zaidi. Aanze na daftari: aandike alichonunua, alichouza na alichokopesha. Kisha, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, aketi apige hesabu ya gharama. Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, wapo waliorudi kwenye fedha taslimu. Faida ikiwa ndogo, makato madogo huweza kuimaliza, na asiye na daftari hatajua imekwenda wapi.

Nasema pia na ninyi vijana mnaowasaidia mama zetu wa magengeni. Mara nyingi kijana huichukua simu, hubonyeza yeye, kisha huirudisha: "Tayari, mama." Mama amebaki pale alipokuwa, na namba yake ya siri sasa inajulikana na wawili. Msaada wa namna hiyo humfanya mtu mzima kuwa mgeni katika mali yake mwenyewe. Keti kando yake. Simu ibaki mkononi mwake. Abonyeze, akosee, arudie. Mfundishe kutazama salio kabla ya kutoa bidhaa, maana ujumbe wa malipo huweza kughushiwa. Namba ya siri asimtajie yeyote, hata mwanawe. Na kwa mzee anayeelewa Kiiraqw kuliko Kiswahili, mweleze kwa Kiiraqw.

Juma hili naomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo imtafute mfanyabiashara mmoja wa jirani, impelekee daftari na kalamu, na mtu mmoja mwenye subira wa kuketi naye. Simu itafuata.

Nawatakia Dominika njema.