Fito na Shoka

Neno Ufashisti latoka katika neno la Kiitalia, maana yake fungu. Alama ya chama hicho ilikuwa fito zilizofungwa pamoja na shoka, kama walivyokuwa nayo Warumi wa kale. Sisi wa Buha tujengao kwa fito na kamba twaifahamu upesi maana ya fito: mmoja huvunjika, fungu halivunjiki. Lakini shoka ni la nini?

Mussolini alianzisha chama chake Milano mwaka 1919, akashika serikali mwaka 1922. Vijana wake wenye mashati meusi waliwapiga kwa marungu wote waliompinga. Mwaka 1935 akaishambulia Uhabeshi, akatumia hata hewa ya sumu. Na mwaka 1941 askari wa K.A.R., Watanganyika wakiwamo, walikuwa miongoni mwa waliowashinda Waitalia huko. Hayo hayana ubishi.

Ubishi upo juu ya jirani zetu. Aprili 1994, Watutsi walipokuwa wakiuawa Rwanda, mtaalamu Mfaransa Jean-Pierre Chrétien, ajuaye sana historia ya nchi hizi, aliandika gazetini kwamba ule ni Unazi wa nchi za joto. Kweli, palikuwa na chama, na vijana wake Interahamwe, na redio RTLM iliyowaita watu mende. Wengine hawakubali. Wasema mambo yale yana mizizi yake yenyewe: vitambulisho vya kabila vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na vita vilivyoanza mwaka 1990.

Mimi naona Chrétien alikuwa na haki kutaja jina hilo, ila lisigeuzwe kuwa jina la kabila. Mwaka 1972 huko Burundi waliouawa kwa wingi na serikali ya jeshi walikuwa Wahutu. Wakimbizi wa miaka ile, na wa 1993, na wa 2015, walivuka kuja kwetu. Kasulu na Kibondo twawajua, na Kirundi chao na Kiha chetu husikilizana bila mkalimani.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mzee atozaye faini kali ni Fashisti. Nikamwambia, la, mkali hutaka faini yake tu, bali Fashisti hutaka na wewe ushike rungu, umpige jirani, na uimbe.

Sokoni husikia watu wakisema, "Wakimbizi wote ni wezi." Nami huuliza, "Nani aliyeiba? Jina lake nani?" Mara nyingi hapana ajuaye jina.