Hana Kwao

Nilizaliwa kando ya Mto Juba, kusini mwa Somalia, katika kijiji cha wakulima wa mahindi na ufuta. Nyumbani tulisema Kizigua, sokoni Kisomali. Wazee walitusimulia kwamba mababu zao walitoka Uzigua, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Tanga, wakati wa njaa kubwa ya karne ya 19. Waliahidiwa kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, wakauzwa katika bandari za Benadir pamoja na Wayao, Wamakua na Wanyasa. Waliotoroka mashamba ya mabwana wao walikimbilia msitu wa Juba, wakaufyeka na kuishi kama watu huru. Baadaye Waitaliano waliwarudisha kwa nguvu kwenye kazi ya mashamba ya migomba na pamba.

Tuliswali kibla kimoja na majirani zetu Wasomali, lakini walituita jareer, watu wa nywele ngumu, na mtu akikasirika alituita adoon, yaani mtumwa. Msomali hufundishwa tangu utotoni kuwataja mababu zake, jina baada ya jina, hadi kwa muasisi wa ukoo. Sisi majina hayo yalikatika siku mababu zetu walipouzwa. Kwa hiyo Wasomali hawakutuposa wala hawakutuozesha, na kesi zetu zilisikilizwa na wazee wasiokuwa wetu. Hata mwaka 2000, viongozi walipokutana Arta, Djibouti, kugawana viti vya bunge, koo kubwa nne zilipewa fungu zima kila moja. Jamii zilizobaki, sisi tukiwemo, ziliwekwa pamoja na kupewa nusu fungu.

Serikali ilipoanguka mwaka 1991, tulilipa gharama ya kukosa ukoo. Maghala yetu yalikuwa na nafaka, na hatukuwa na jamaa wenye bunduki wa kutudaia damu. Kila kundi la wapiganaji lililopita lilichukua lilichotaka. Baba yangu aliuawa mbele ya ghala lake. Mama alitubeba wengine mgongoni na wengine tukamfuata kwa miguu hadi Kenya.

Kambini Dadaab ubaguzi ulikuwa umetutangulia. Tuliishi pembezoni, karibu na vichaka walimojificha majambazi, na wanawake wetu walishambuliwa wakienda kuokota kuni. Wanaume wetu walichimba vyoo na kufyatua matofali kwa ujira mdogo, wakiajiriwa na wakimbizi wenzao. Ndiko nilikojifunza Kiswahili, kutoka kwa walimu wa Kenya. Kilikuwa lugha ya kwanza niliyoongea na mgeni pasipo kuulizwa ukoo wangu.

Marekani ilipokubali kutupokea, mwaka 2002 maelfu yetu tulipakiwa kwenye mabasi tukavuka Kenya hadi kambi ya Kakuma, na kuanzia mwaka uliofuata ndege zikaanza kutuchukua. Hatimaye familia yangu ilihamia Lewiston, Maine, mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vimefungwa. Wasomali walitutangulia pale. Meya wa wakati huo alikuwa amewaandikia barua ya wazi mwaka 2002 akiwaomba wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi kidogo cha wazungu wabaguzi kilikuja kuandamana dhidi yao, na maelfu ya wenyeji wakakusanyika kuwatetea wageni. Miji ina watu wa namna zote mbili, nami nimekutana na wote. Nimetemewa mate kwenye kituo cha basi, na jirani mzungu amenifundisha kuendesha gari kwenye theluji bila kutaka chochote.

Aliyetema mate hakuuliza nywele zangu ni za aina gani. Mwanamke wa ukoo mkubwa niliyefanya naye kazi ya usafi zamu ya usiku alitukanwa vilevile. Usiku mmoja aliniambia, "Dada, kwetu nilikuwa naambiwa mimi si mweusi. Hapa nimejua." Tukawa marafiki wa kweli. Lakini kaka yake alipotaka kumposa binti wa kwetu, familia yao ilikataa, na posa ikaishia hapo.

Nilidhani mtu aliyedharauliwa maisha yake yote hawezi kuwa na dharau. Kisha binti yangu mkubwa akaposwa. Kijana alikuwa Mmarekani mweusi, Mwislamu, fundi umeme, mwenye adabu. Wazee wetu walikaa sebuleni kwangu. Mjomba wangu akasema, "Ni mtu mzuri, lakini hana kwao. Mwacha asili ni mtumwa." Wote wakaitikia. Nami niliitikia.

Usiku sikulala. Tangu tufike Marekani nilikuwa nikiwaonya wanangu wasifuatane na vijana weusi wa mtaa, kwa maneno niliyoyaokota kwenye televisheni na kwa wazungu tuliofanya nao kazi. Sasa nilikuwa nimemkataa kijana kwa sababu hawezi kutaja mababu zake. Wa kwake waliuzwa magharibi na wa kwangu wakauzwa kaskazini. Hakuna aliyeiacha asili yake, wote walinyang'anywa. Hukumu niliyoishi chini yake tangu Juba nilikuwa nimeitoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi nilimpigia mjomba simu nikamwomba kikao kirudiwe. Nilimwambia, "Mjomba, shikamoo. Naomba tumuulize huyu kijana yale tuliyotamani sisi tuulizwe: dini yake, kazi yake, tabia yake. Ukoo wake tuuache, kwa maana hata sisi tungeshindwa." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atakuja. Ilichukua vikao vingi, na wako jamaa ambao hawakuhudhuria nikahi na mpaka leo hawaingii nyumbani kwangu. Nawaamkia kila tukikutana.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu najua wasomaji wake wengi wana vikao kama hivyo. Pwani bado kuna nyumba ambamo mtu huitwa mshenzi au mjukuu wa mtumwa mlango ukishafungwa, na bara kuna nyumba zinazokataa mkwe kwa kabila lake. Sheria haifiki huko. Tunaofika ni sisi wazazi, wajomba na mashangazi. Ndugu msomaji, posa ijayo ikiletwa kwenu na mtu akasema huyu hana kwao, usiitikie. Omba ruhusa ya wazee, zungumza kwa heshima, na umtetee huyo mtu kabla kikao hakijafungwa.