Chupa Tatu za Mto Ngerengere

Mto Ngerengere hushuka kutoka Milima ya Uluguru, hutuama kwanza katika Bwawa la Mindu linalowanywesha wakazi wengi wa Manispaa ya Morogoro, kisha hushika njia ya mashariki hadi unapoingia Mto Ruvu. Maji ya Ruvu nayo husafishwa na kupelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitawadha Magomeni au Kinondoni, huenda maji hayo yalipita kwetu kwanza.

Wanafunzi wetu wa madrasa walikuwa wamehitimu mlango wa twahara, nasi tukaona inafaa waurudie mtoni. Tuliondoka baada ya Sala ya Alfajiri tukiwa na chupa tatu zinazoonyesha ndani, rula na kamba ndefu.

Chupa ya kwanza tuliijaza Mindu. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, na baada ya kutulia, tope lilijikusanya chini. Tuliwaeleza vijana kuwa shamba la mteremkoni lisilo na kinga husombwa na mvua, na kila tope linaloingia bwawani hula nafasi ya maji. Waingereza waliliona tatizo hilo, wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani kwa amri na adhabu, hadi ghasia zikazuka mwaka 1955 na mpango wenyewe ukaanguka. Habari hiyo tuliitaja makusudi, maana wapo wanaodhani hata leo kwamba mkulima huelimishwa kwa faini.

Chupa ya pili tuliijaza chini ya eneo la viwanda na makazi. Hapo hapakuhitaji somo refu: rangi ilikuwa imebadilika na harufu ilitutangulia. Vijana walipima kwa kamba mita 60 kutoka ukingoni, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani yake shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuhatarisha mto. Bustani za mboga zilianza hatua mbili tu kutoka majini.

Chupa ya tatu ndiyo iliyotushughulisha. Tuliijaza Ngerengere, na maji yake yalionekana safi kuliko yote. Kijana mmoja akasema, kwa hoja nzuri ya kifiqhi, kwamba haya ni mengi kuliko qullatayni, yanayokadiriwa kuwa takriban lita 200, na hayakubadilika rangi, ladha wala harufu, basi yanafaa. Akainama apate kunywa. Tukamzuia.

"Ustadhi, kwani kitabu kimekosea?" akauliza.

Hakikukosea. Mlango wa twahara unajibu swali la ibada. Swali la kunywa linajibiwa na kanuni ya kutojidhuru wala kudhuru wengine, na katika hilo fakihi humsikiliza tabibu na mpimaji wa maji. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi wala harufu. Kuchemsha huviua, na hata jua kali kwa saa sita huvidhoofisha katika chupa safi yenye maji maangavu. Lakini kromiamu itokayo katika kutengeneza ngozi haiondoki kwa moto. Ukiyachemsha maji yakapungua, yenyewe hubaki. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) kukataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama hatukulifundisha siku ile kama adabu ya choo pekee.

Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji kwa ndoo aliwauliza vijana wanatoka wapi. Walipomjibu kuwa ni Morogoro mjini, alitabasamu, akasema: "Haya, wanangu, ndiyo mnayotuletea."

Hawakuwa na jibu. Njiani kurudi walibishana iwapo shimo la choo cha madrasa, lililo karibu na kijito, limo ndani ya zile mita 60. Jumamosi watalipima kwa kamba ileile.