Hufa Kwanza, Ndipo Huoza

Leo naomba niungame kosa nililolitenda kwa methali.

Nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kibiti. Darasani mwangu alikuwamo kijana kutoka delta ya Rufiji, ambaye kila bamvua alitoweka kwenda kuvua kambamiti na baba yake. Walimu tulipoketi kumjadili, nilisimama nikasema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Hakuna aliyenipinga, maana methali huja na uzito wa wazee. Kijana akafukuzwa.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu, nilikuwa Nyamisati nikingoja chombo. Maji yalikuwa yamekupwa, na tope la mikoko lilinuka kama yai viza. Nikaziba pua. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake akatabasamu: "Mwalimu, tope lisilonuka halina kamba."

Mwanabiolojia angemuunga mkono. Jani la mkoko likianguka, kaa hulivuta shimoni mwake. Bakteria na kuvu hulimeng'enya, na vipande vyake huwalisha viumbe wadogo ambao nao huliwa na kamba wachanga. Harufu ile hutokana na gesi yenye salfa, itolewayo na bakteria waishio topeni pasipo oksijeni. Kwa mwanasayansi, basi, kuoza ni kazi: kilichokwisha kufa hurejeshwa katika mzunguko wa uhai.

Sisi wengine neno hilo hilo tumelifanya hukumu. Twasema tabia imeoza, kizazi kimeoza, ofisi imeoza. Hata hivyo lugha yenyewe haikusahau utaratibu. Mtu akizama katika mapenzi, husemwa amekufa ameoza: kufa kwanza, kuoza baadaye. Na embe lililochumwa kabla ya kuiva hatulitupi. Twalivundika hadi liive, ingawa kuvundika ni jirani wa kuvunda.

Nilikuwa nikiyafundisha haya yote. Nikashindwa kuona kwamba samaki wa methali ni mfu aliyelala tengani, ilhali kijana yule alikuwa hai, tena mwenye bidii ya kumsaidia mzazi wake. Alikuja darasani akinuka tope, nami nikadhani nimenusa uozo.

Pale pale bandarini nilimtajia mzee jina lake. Alimfahamu. Akaniambia alihamia Mafia, ana mashua yake na watoto watatu.

"Wanasoma?" nikauliza.

"Wote," akajibu, macho yakiwa kwenye wavu. "Hawaruhusu kukosa hata siku za bamvua."

Chombo kilipofika nilipanda, nikiwa bado sijapata neno la kumjibu.